Damu Haifuati Jina

Gilgil, usiku wa kuamkia safari yako

Nyambura,

Mambo ya sweta nzito, ya pasipoti, ya kutobebea mtu usiyemjua mzigo wake katika uwanja wa ndege, mama yako amekwisha kuyasema na asubuhi atayasema tena. Mimi sitayagusa. Nakuandikia jambo ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Jumapili, na kila nikianza unainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haina kitu.

Majibu ya damu yangu yametoka. Nilikwenda Nakuru kuyachukua siku ile niliyosema naenda kumwona mtu wa mbegu. Sijasahau ulichoniambia niliporudi kutolewa damu, ukiwa unanimiminia chai: "Hiyo damu ni yako, baba, na majibu ni yako. Mimi sijauliza." Una haki. Mtu mzima halazimishwi kujua kilichomo mwilini mwake. Lakini unakwenda Uholanzi kupanga maua katika ghala la watu ambao hawajawahi kumwona hata mwanamke mmoja wa kwetu. Siku moja utaketi mbele ya daktari wa huko, atakuuliza habari za jamaa yako, na nikiwa nimekaa kimya utamjibu kwa hewa tupu. Kwa hiyo nitaandika yote niliyo nayo. Majibu nitayaweka mwisho kabisa, ili uamue mwenyewe utasoma mpaka wapi.

Mchana wa leo wanajeshi walikuwa na mazoezi yao ya kulipua, na madirisha yakatetemeka mpaka jua lilipotua. Wewe uliendelea kukunja nguo. Umezaliwa hapa, kwako hiyo ni kelele tu. Mimi kila wakianza huwa narudi Rongai.

Hujaliona shamba letu la Rongai. Nimekusimulia juu ya nyumba na ng'ombe na ghala nililofanyia kazi, nikipima unyevu wa mahindi kwa kuuma punje. Sikukusimulia vizuri ile jioni ya mwisho. Watu husema machafuko yalitukuta ghafla. Hayakutukuta ghafla. Majirani walikuwa wameacha kutusalimia tangu wakati wa palizi. Mtu mmoja niliyesoma naye alikuja kuniomba nimrudishie jembe alilokuwa ameniazima, akalichukua bila kuingia ndani wala kukubali uji. Jioni ile niliona moshi upande wa juu, nikamwambia mama yako ni watu wanachoma makaa. Ukatokea moshi wa pili. Nikasema makaa. Mama yako alinitazama, na Wambui alikuwa mchanga, amefungwa mgongoni mwake. Nilijua kabisa kwamba hakuna mtu anayechoma makaa katikati ya mahindi yaliyokauka shambani. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nachagua jina dogo, kwa sababu jina kubwa lilinitaka niondoke pale pale, na mimi nilitaka kulala kitandani pangu usiku mmoja zaidi.

Tulitoka alfajiri kwa kukimbia, na tulichoweza kubeba ni mtoto.

Sasa nikupe habari za wanawake. Nitaziandika kwa maneno yake hasa, na utanisamehe, maana mkono wangu haujazoea.

Mama yangu, shosho yako Wambui, alikufa hata hajafika miaka arobaini. Nyumbani tulisema amekufa kwa kifua. Waliokuja matangani walisema kifua. Mchungaji alisema kifua, akasimama juu ya kaburi akatuonya tusilale na madirisha wazi. Wewe unajua mtu wa kwetu akisikia kifua anafikiri nini: kukohoa, baridi ya asubuhi, moshi wa kuni, pengine TB. Mama yangu hakukohoa hata siku moja. Alikuwa na ugonjwa katika titi la kushoto. Lilianza kwa kuwa gumu, ngozi ikavutwa ndani, mwishowe likafunguka kidonda. Alilifunga kwa kipande cha leso chini ya sweta akaendelea kukama. Niliijua harufu ya kile kidonda miaka mingi kabla sijajua kinaitwaje. Na sisi wanawe tungesemaje? Mtoto wa kiume hatamki titi la mama yake mbele ya watu. Tulisema kifua kama mtu anayemtupia mwenzake shuka, na kila mtu mzima pale matangani alijua kuna kitu chini ya ile shuka, akawa na adabu ya kutoifunua.

Dada yangu Wangari alifuata. Yeye alifia katika ua wa kanisa mjini Nakuru, tulipokuwa tukikaa kwenye hema. Watu walisema baridi ya hema imemwingia kifuani. Ilikuwa rahisi kuamini, maana hema lilikuwa na baridi kweli na watoto wote walikuwa wanakohoa. Lakini mama yako ndiye aliyekuwa akimwogesha, na siku moja alitoka na beseni akaniambia tu, "Ni kama mama yako." Nikamwambia asiseme kwa sauti. Alikuwa amekuja na ugonjwa huo kutoka kwake, ameuficha, akiwa na umri ambao wewe utaufikia hivi karibuni. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kwa nini mwanamke mwenye nguvu za kubeba madebe mawili ya maji kutoka mtoni ameisha hivyo. Tulikuwa na mengine ya kuuliza.

Kisha dada yako.

Wewe wakati huo ulikuwa Karagita, umepanga chumba kimoja, unafanya kazi ya maua, na mengi uliyasikia kwa simu. Wambui aligusa uvimbe akiwa bado anamnyonyesha mwanawe Ciku. Zahanati ya kwanza walimwambia ni maziwa yameganda, akande kwa maji ya moto. Ya pili walimwambia ugonjwa anaouogopa ni wa wanawake wazee. Alirudi nyumbani akicheka. "Baba, nimeambiwa mimi bado ni kasichana." Tukacheka sote. Uvimbe nao ukaendelea na kazi yake. Ulipofika wakati wa kupelekwa hospitali kubwa, mume wake alikuwa safarini na lori, nikamsindikiza mimi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuwa na ugonjwa wa matiti. Wambui alinigeukia, maana mambo ya zamani ni yangu. Nikajibu kwamba mama yangu na dada yangu walikufa kwa kifua.

"Kifua gani, mzee? TB?"

Nikasema kifua tu. Niliishusha sauti na kuinamisha macho, kama tulivyofanya matangani, nikidhani ataona shuka na kujua kilicho chini yake. Lakini yule hakulelewa kwetu. Aliandika alichosikia. Nilikuwa nimemwambia daktari wa matiti kwamba jamaa yetu ina mapafu mabovu, na binti yangu ameketi hapo katikati, mikono amekunja juu ya sweta.

Walikata kinyama kidogo wakapima, tukaambiwa ni saratani, na Wambui akaanza kemo, zile dawa kali za kuingizwa mshipani. Kiti cha pili kutoka kwake alikuwa anaketi Mama Shiro, yule wa Karagita ambaye baadaye uligundua mlikuwa mnachota maji bomba moja. Walianza karibu pamoja, wakapoteza nywele pamoja, wakatukanana kwa mapenzi kama watu walioolewa boma moja. Mama Shiro alipomaliza akapewa tembe, akaambiwa atazimeza kila siku kwa miaka. Wambui hakupewa. Hapo moto ukaniwaka.

Lazima uelewe nilikotoka. Pale kwenye ua wa kanisa tuliishi kwa unga wa msaada, na unga uligawanywa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Gorogoro moja kwa kila hema, isawazishwe juu kwa kijiti, asizidishiwe mtu. Tulisimama tukikodolea macho kile kijiti. Mahali palipozidi, tulijua kuna jina lililopendelewa. Ile ndiyo haki niliyoijua: kipimo kimoja kwa kila mtu. Kwa hiyo nilimfuata sista wa wodi ukumbini nikamuuliza kwa nini yule amepewa dawa na huyu hakupewa, wakati ugonjwa ni mmoja na kiti ni kilekile. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya jina letu, au kwa sababu tunatoka mahali pa watu waliohamishwa. Nilisema mengi. Watu walitoka vyumbani kutazama.

Mama Shiro, ambaye angeweza kuchukizwa, alimwita Wambui akamwambia, "Usisumbue huyu mzee. Chukua, tugawane. Wewe asubuhi, mimi jioni." Akamfungia nusu katika karatasi ya sukari. Wambui angezimeza. Tungezimeza sote kama ingesaidia.

Daktari aliiona ile karatasi mkononi mwake. Hakukasirika. Alituketisha, mimi na mama yako na Wambui, akafunga mlango.

"Mzee, dawa si unga wa msaada. Saratani ya Mama Shiro inakula homoni, ndiyo maana tunaifungia chakula kwa hizi tembe. Ya Wambui haili hiyo. Ukimpa hizi, umefunga mlango ambao mwizi hapiti, na mwizi yuko ndani."

Akaeleza kwamba kinachoitwa kwa jina moja ni magonjwa kadhaa, na kwamba kile kinyama walichokata kinapimwa ili kujua huyu ana upi. Ya Wambui haikuwa na vile vipokezi ambavyo dawa zilizozoeleka hushikia. Ni aina inayokwenda mbio, akasema, na ikitokea kwa mwanamke mdogo hivi, huwa anataka kuuliza tena habari za jamaa. Akafungua faili. Akasoma kwa sauti kwamba kwetu kuna historia ya ugonjwa wa mapafu.

Mama yako ndiye aliyeniokoa na aibu yangu, kwa kunitia aibu kubwa zaidi. "Titi, daktari," akasema. "Mama yake ni titi. Dada yake ni titi. Mimi nilimwogesha. Huyu mzee anaona haya, na haya yake itatumaliza."

Wambui alinitazama. Sikuona hasira. Ilikuwa kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia akagundua kwamba kulikuwa na chumba ambacho hajawahi kuonyeshwa.

Kuanzia siku ile waliacha kumtibu kama mwanamke yeyote, wakaanza kumtibu kama Wambui. Dawa zilibadilishwa, madaktari wa Nairobi wakapigiwa simu, ikasemwa damu yake ipelekwe kupimwa kama kuna kosa la kurithi, maana kama lipo kuna dawa nyingine za kufikiria. Damu ilikuwa itolewe akipata nguvu kidogo. Hakupata. Ugonjwa ulikuwa umekwisha toka kwenye titi. Miezi ile ya mwisho ulimwingia mapafuni, akaanza kukohoa, usiku kucha, katika chumba hiki ulichofungia mizigo yako. Watu walikuja kumwona, wakaniuliza ana nini. Kwa mara ya kwanza katika jamaa yetu, neno kifua lilikuwa kweli.

Nilimuuliza daktari baadaye kama ningesema ile siku ya kwanza ingekuwaje. Alikuwa mkweli. Alisema uvimbe ungekuwa uleule, na kwamba asingeweza kuniahidi siku hata moja zaidi. Alisema pia kwamba wangejua mapema wanapambana na nani. Hayo mawili nalala nayo, na sijapata bado namna ya kuyaweka yakae upande mmoja.

Nije kwako sasa.

Tulipomzika, shangazi zako walikaa jikoni wakasema jina limerudi kuchukua chake. Wambui wa kwanza, Wambui wa pili. Nilikusikia ukiwajibu, huku unakatakata kabichi: "Basi mimi niko salama. Mimi ni wa Nyambura." Walicheka, na nilifurahi kusikia kicheko katika nyumba ile. Nilidhani ni mzaha. Lakini ulirudia mbele ya daktari alipokuita kuzungumza nawe. Ulimwambia umeitwa kwa shosho wa upande wa mama, na kwamba huyo alikufa mkongwe, ameshika hindi la kuchoma. Daktari hakucheka. Niliona kwamba hakuwa akisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Alikuambia, "Jina ulipewa na upande mmoja. Damu ulipewa na pande zote mbili." Ukasema asante, ukachukua mkoba wako.

Na nani alikufundisha hivyo ila mimi? Wambui nilimwita mama tangu anyonye. Wewe nilikuita mama mkwe. Nilikataa kula mbele yako kwa mzaha, nilikupisha mlangoni, ukikasirika nilisema nitakuletea mbuzi wa kukupoza. Ulipokuwa mdogo ulipenda sana. Ulitembea hapa uani kama mwenye shamba. Nilikujengea ukuta kwa maneno ya mapenzi, na sasa umejificha nyuma yake, nami niko nje nagonga.

Nyambura, ninyi wawili mlitoka tumbo moja na kwa baba mmoja. Desturi yetu ya majina ni nzuri, inawafanya wafu wasipotee, lakini ni sisi tulioipanga. Damu haikuwapo kwenye kikao. Wewe unapocheka unafunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, vidole vimeachana. Mama yangu alicheka hivyohivyo. Wambui hakucheka hivyo. Hujamwona yule mwanamke, hata picha yake iliungua, lakini mkono wake unao.

Daktari alinieleza jambo hili polepole, na mimi nikasoma zaidi kwa miwani yangu ya kuazima. Kila mmoja wetu amepewa maagizo ya mwili mara mbili, seti moja ya baba, moja ya mama. Kuna mahali katika maagizo hayo panapohusu kurekebisha makosa ya mwili wenyewe. Mtu akiwa na seti moja yenye kasoro mahali pale, mwili unapoteza fundi wake mmoja. Haimaanishi ataugua. Inamaanisha kwamba hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake, na inaweza kuja mapema. Mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote asijue, akampitishia binti. Kila mtoto, kila mara, ni kama kurusha sarafu hewani. Sarafu haiulizi huyu ameitwa nani.

Kwa sababu Wambui hakupimwa, aliyebaki karibu kuliko wote ni mimi. Ndiyo maana nilitoa damu. Niliwaza kwamba kasoro ikikosekana ndani yangu, nitakuja kukuambia mambo ya upande wangu yameisha, uende kwa amani. Nilifanya hivyo kwa ajili yako bila kukuuliza, na naona sasa kwamba hilo nalo lilikuwa la kibaba kupita kiasi.

Sikuambii upimwe. Nakuambia tu kilichopo, ili woga wako usilazimike kubuni. Anayejua kwamba anayo hupigwa picha maalumu kila mwaka tangu umri kama wako, hangojwi azeeke. Wengine humeza dawa ya kinga. Wengine huamua kufanyiwa upasuaji kabla ya ugonjwa, wengine husubiri mpaka wapate watoto, wengine hukataa kabisa na kubaki wakiangaliwa kwa karibu. Daktari alisema wanapanga pamoja na mhusika, kwa umri wake, jamaa yake na anachotaka katika maisha yake, na hakuna wawili wanaotoka chumbani na mpango mmoja. Hata asiyetaka kupimwa anaweza kuwaambia madaktari habari za jamaa yake, nao wakamwangalia kama mtoto wa jamaa hiyo. Mama Shiro bado anapanga maua na kutukana wasimamizi. Namtaja ili usidhani kila njia ya ugonjwa huu inaishia kule ilikoishia ya dada yako.

Kuna Ciku pia. Sasa anajua tu kwamba mama yake aliumwa. Atakua, na atakuja kuuliza, na huenda mimi sitakuwapo. Utakuwa wewe.

Kisha kuna hili, na nimelizunguka barua nzima. Jumanne asubuhi nilikuona kando ya tangi la maji. Ulikuwa umesimama kimya, mkono ndani ya sweta, upande wa kulia, macho yako hayatazami kitu. Uliponisikia ulitoa mkono haraka ukasema unatafuta kitufe.

Sweta ile haina vitufe.

Pengine hakuna kitu. Pengine unajigusa kila siku kwa hofu, kama mimi ninavyoamka usiku kunusa kama kuna moshi. Matiti ya wasichana yana mabonge mengi yasiyo na madhara, hilo nalo nimelisoma. Lakini nilisimama pale na ndoo yangu, nikahisi yale ya Rongai, ya kujua na kutafuta neno jepesi. Sikukuuliza. Wewe nawe hukusema. Tulikuwa watu wawili wazima tunaotazama moshi mmoja.

Kama kipo, usikipeleke Ulaya kikiwa siri. Usiniambie mimi kama huwezi. Mwambie mama yako asubuhi, yeye hana haya. Ndege nyingine zipo. Na kama ni lazima uende kesho, basi juma lako la kwanza kule, kabla hujajifunza njia ya dukani, mtafute daktari, umwonyeshe, umwambie unatoka kwa nani.

Hapa napiga mstari. Ukitaka kuacha, acha hapa. Kunja karatasi uiweke, nami sitakuuliza kamwe kama ulisoma zaidi. Uwe mzima, mama mkwe.

___________

Umeendelea.

Ninayo, Nyambura. Kasoro ile imo ndani ya damu yangu. Daktari alinisomea mara mbili, nikamwomba anionyeshe mstari wenyewe, nikausoma mwenyewe. Imetoka kwa mama yangu, haina shaka, na sidhani tena kwamba Wambui alikufa kwa bahati mbaya tu. Kwako ni nusu kwa nusu, wala si zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe nimepewa siku ya kurudi, maana wanaume nao huugua, kwenye titi na kwenye tezi dume, na kuanzia sasa nitakuwa naangaliwa. Nilipovua shati mbele ya yule daktari msichana ili anipapase kifua, nilimwambia aseme titi. Akasema.

Akikuuliza daktari wa huko ni nani mwenye ugonjwa huu katika jamaa yenu, usianze na makaburi ya Rongai, wala usianze na dada yako. Anza na mimi. Mwambie: baba yangu anayo. Yuko hai, yuko Gilgil, na simu yake iko wazi. Mpigieni, atawaambia mwenyewe.

Baba yako